Vijidudu vinapogombea damu yetu

Waulize watu wazima wa Kibaha au Kisarawe kuhusu klorokwini, watakutajia uchungu wake mdomoni na ule mwasho uliomfanya mtu akeshe akijikuna. Nami ni mmoja wao. Homa ikishuka, vidonge vilivyobaki tuliviweka kabatini kungoja homa ijayo. Mwaka 2001 Serikali iliiondoa klorokwini kwenye nafasi ya dawa ya kwanza ya malaria, kwa kuwa vijidudu vingi vilikuwa vimekwisha kuwa sugu. Ikaja SP, nayo haikudumu. Tangu mwishoni mwa 2006 tunameza mseto.

Je, vile vijidudu sugu vilikwenda wapi? Jibu limo katika hesabu. Daktari Mwingereza Ronald Ross, aliyegundua vijidudu vya malaria ndani ya mbu huko India mwaka 1897, alichapisha mwaka 1911 hesabu za jinsi ugonjwa huu unavyoenea. Waliomfuata walizipanua, wakaweka aina mbili za vijidudu zinazogombea watu wale wale.

Chukua kijiji kimoja cha Kisarawe. Tuseme mgonjwa mwenye vijidudu vya kawaida huambukiza watu 10, na mwenye vijidudu sugu watu 9, maana usugu ni mzigo nao huwapunguzia nguvu. Nusu ya wagonjwa wakimeza dawa wakapona upesi, vile vya kawaida hushuka hadi 5, lakini sugu hubaki na 9 yao. Sugu wameshinda! Sasa iondoe dawa. Ni 10 dhidi ya 9, tofauti ndogo, ila huzaa kama riba juu ya riba: aina hizo zikianza sawa, baada ya mizunguko 22 vya kawaida vitakuwa mara 10 ya sugu.

Ndivyo ilivyokuwa Malawi. Wao waliiacha klorokwini mwaka 1993. Utafiti wa Blantyre uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha dawa hiyo iliyozikwa ikishindwa kwa mtoto 1 tu kati ya 80. SP ilishindwa kwa 71 kati ya 87. Hapa kwetu pia vijidudu vya zamani vimerudi kwa wingi.

Wapo wanaosema basi turudie klorokwini. Siafiki. Ukiirudisha peke yake, unawarudishia sugu 9 yao dhidi ya 5.

Linalonisumbua ni mseto. Mwaka 2016 Kibaha ilikuwa miongoni mwa vituo vinne vilivyoupima, pamoja na Mkuzi, Mlimba na Ujiji, nao ulikuwa ukiponya vizuri. Lakini mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba Rwanda ina vijidudu vyenye badiliko linalofungamana na usugu dhidi ya artemisinini, dawa iliyo kiini cha mseto. Baadaye badiliko hilo hilo likaonekana Kagera. Na basi la Bukoba kuja Dar es Salaam, msomaji wangu, hupita Kibaha.