Mhalifu Alitafutwa Wapi

Mwaka 1827 wizara ya sheria ya Ufaransa ilichapisha kitu kipya kabisa: hesabu za kesi za jinai zilizosikilizwa nchi nzima katika mwaka 1825. Hesabu hizo zilimfikia Adolphe Quetelet, mtaalamu wa nyota wa Brussels aliyezoea kusaka mpangilio angani. Akaupata huku chini. Mwaka hadi mwaka idadi ya washitakiwa haikupishana sana. Hata idadi ya waliouawa kwa bunduki, kwa kisu au kwa fimbo ilijirudia. Kama mauaji yangetokana na moyo mbaya wa mtu mmoja mmoja tu, mbona yasipande na kushuka ovyo? Mwaka 1831 Quetelet alitoa jibu lililowaudhi wengi: chanzo cha jinai kimo katika mpangilio wa jamii kabla hakijafika mkononi mwa yeyote.

Aliongeza tahadhari ambayo wengi waliisahau. Hesabu zile zilikuwa za makosa yaliyojulikana na kufikishwa mahakamani; yaliyofichika hayakuwamo. Kwangu mimi hapo ndipo palipo kiini cha historia yote iliyofuata, maana karibu kila nadharia ya uhalifu imejengwa juu ya faili fulani, na faili huandikwa na mwenye mamlaka kumhusu asiye nayo.

Kwa muda sosholojia ilisukumwa kando. Mwaka 1876 daktari Mwitaliano Cesare Lombroso, aliyekuwa akipima mafuvu na miili ya wafungwa, alidai kwamba kuna watu wanaozaliwa wahalifu, nao hutambulika kwa taya, masikio na paji la uso. Wazo hilo lilienea upesi kwa sababu liliwafaa watawala: kama ubaya umo katika mfupa, mtaani hakuna cha kurekebisha. Mwaka 1913 Charles Goring, daktari wa magereza ya Uingereza, alitoa matokeo ya kupima wafungwa zaidi ya 3,000 na kuwalinganisha na watu wengine. Aina hiyo ya mwili hakuiona.

Kabla ya hapo Émile Durkheim alikuwa amelirudisha swali kwenye jamii. Mwaka 1895 aliandika kwamba hakuna jamii isiyo na uhalifu, na kwamba uhalifu ni sehemu ya kawaida ya maisha ya pamoja. Alieleza pia hali ya watu kubaki bila kanuni za kuwaongoza pale mabadiliko yanapokwenda kasi kuliko desturi. Miaka minne baadaye, upande wa pili wa bahari, W. E. B. Du Bois alichapisha utafiti wake wa Wamarekani weusi wa Philadelphia. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba katika kata ya saba ya mji huo, akihoji. Wazungu wengi walisema uhalifu wa mtu mweusi umo katika damu yake. Du Bois alionyesha urithi wa utumwa, uhamiaji wa ghafla kutoka vijijini na viwanda vilivyokataa kuwaajiri. Ilikuwa sosholojia ya mji ya daraja la juu, lakini chuo kilichomwajiri kwa kazi hiyo hakikumpa nafasi ya kudumu ya kufundisha, na vitabu vingi vya historia ya taaluma vikaanzia Chicago kana kwamba hakuwahi kuwapo.

Twende basi Chicago. Mwaka 1840 ulikuwa mji wa watu wasiofika 5,000. Mwaka 1930 walizidi milioni tatu. Wapolandi, Waitalia, Waayalandi na weusi kutoka kusini walifuata kazi za reli, za chuma na za machinjio makubwa yaliyofunguliwa mwaka 1865. Clifford Shaw, aliyewahi kuwa afisa wa uangalizi wa vijana, na mwenzake Henry McKay walichukua majalada ya mahakama ya watoto, wakaweka alama kwenye ramani mahali alipoishi kila kijana aliyeshitakiwa. Alama zilisongamana karibu na katikati ya mji na viwanda, kisha zikapungua kadiri ulivyoelekea pembezoni.

Wakarudia zoezi hilo kwa vipindi vilivyopishana kwa miongo. Mitaa ileile iliendelea kuongoza, ingawa wakazi wake walikuwa wamebadilika kabisa. Walipokaa Wajerumani na Waayalandi, watoto wao ndio waliojaa mahakamani. Walipohamia kwenye mitaa bora, wakatoweka katika majalada, na nafasi yao ikachukuliwa na watoto wa Wapolandi na Waitalia. Uhalifu ulibaki na mtaa, haukumfuata mtu. Ningependa kila anayesema kabila fulani ni la wezi aiangalie ramani ile kwa makini.

Shaw hakuishia kwenye ramani. Mwaka 1930 alichapisha maisha ya kijana aliyemwita Stanley, yaliyoandikwa na kijana mwenyewe. Stanley alikulia katika mitaa ya nyuma ya machinjio. Mama wa kambo alimtuma kuiba sokoni na kwenye mabehewa, na alipokua akawa anapora walevi. Ukimsoma unaona jinsi wizi ulivyokuwa shughuli ya kawaida ya nyumbani kwake kabla haujawa kosa lake.

Robert Merton, mwaka 1938, aliitazama Marekani nzima. Nchi inamhimiza kila mtoto atajirike, kisha inawafungia wengi milango halali ya kufikia huko. Baadhi yao hutafuta mlango mwingine. Travis Hirschi aligeuza swali mwaka 1969, akauliza kwa nini wengi hawavunji sheria, na akajibu kwa kutaja wazazi, shule na kazi zinazomfunga mtu na wenzake. Howard Becker alikuwa amekwenda mbali zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1963: kitendo huwa jinai pale wenye nguvu wanapokitungia kanuni. Wakenya hawakuhitaji kusubiri kitabu hicho. Tangu miaka ya 1919 na 1920 hadi 1947 mwanamume Mwafrika aliyekutwa bila kipande, yaani kitambulisho cha lazima, au aliyeacha kazi ya mwajiri bila ruhusa, alikuwa mhalifu kwa sheria ya kikoloni, na maelfu walishitakiwa kwa hilo tu.

Afrika Mashariki ilichangia pia ushahidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Marshall Clinard na Daniel Abbott walilinganisha mitaa miwili maskini ya Kampala, Kisenyi na Namuwongo. Umaskini ulikuwa pande zote mbili, lakini uhalifu ulikuwa mdogo Namuwongo, ambako majirani walitembeleana na kushirikiana zaidi. Mwaka 1997 Robert Sampson na wenzake, baada ya kuhoji watu 8,782 katika mitaa 343 ya Chicago, walifikia hitimisho la jirani na hilo.

Nimemwacha Edwin Sutherland mwisho, ingawa kwa miaka aliwatangulia wengi wa hao. Alifundisha kwamba uhalifu hujifunzwa kwa watu wa karibu: mbinu zake, na sababu za kuuhalalisha. Desemba 1939, akiwa rais wa chama cha wanasosholojia wa Marekani, aliwaambia wenzake kwamba nadharia za umaskini zimepotoka kwa kuwa zimesoma faili za maskini peke yake. Akafungua faili nyingine, za kampuni 70 kubwa. Alikuta hukumu 980 dhidi yazo, na hakuna kampuni hata moja iliyokosa: matangazo ya uongo, kupanga bei kwa siri, kuwaonea wafanyakazi. Ni 158 tu zilizotolewa na mahakama za jinai.

Kitabu cha utafiti huo kilitoka mwaka 1949 bila majina ya kampuni. Mchapishaji aliogopa kushitakiwa, na Sutherland alifariki mwaka uliofuata. Toleo kamili lilichapishwa mwaka 1983. Miongoni mwa kampuni zilizoongoza kwa wingi wa hukumu zilikuwamo Armour na Swift, wafanyabiashara wa nyama waliotajirika katika machinjio yale ya Chicago. Kwa miaka 53 wanafunzi wa sosholojia walikuwa wamemsoma Stanley wa mitaa ya nyuma, orodha yake ya kukamatwa ikiwa imechapishwa kitabuni, na majirani zake hao wakubwa hawakutajwa.