Mseto

Mwaka 1992 Tom Caudell na David Mizell wa Boeing walieleza kifaa cha kuvaa kichwani cha kuwaongoza mafundi wanaopanga nyaya za ndege, kwa mchoro wa mwanga unaoonekana juu ya kazi yao. Leo teknolojia ya namna hiyo twaweza kuiita uhalisia mseto. Nalipenda neno mseto, ila lina hatari yake. Katika mseto wa jikoni, mchele na choroko vikishaiva pamoja havitenganishiki, lakini fundi mwanafunzi lazima atenganishe: huu ni waya, ule ni mwanga tu. Basi mbunifu aupe mchoro rangi isiyofanana na chuma wala shaba, auweke kando ya mkono, usiufunike. Na kuuzima kusitegemee amri ya sauti pekee, wala mkono pekee. Karakana ina kelele, na mikono imeshika koleo.