Kilembe

Kilembe ni mtaa wa wachimbaji madini katika bonde la mto Nyamwamba, chini ya milima ya Rwenzori, magharibi mwa mji wa Kasese, Uganda. Ulijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi wa shaba.

Historia. Uzalishaji ulianza mwaka 1956, mwaka ambao reli kutoka Kampala ilifika Kasese. Mgodi uliendeshwa na kampuni ya Falconbridge ya Kanada. Shaba ilisafirishwa kwa treni hadi Jinja, ikayeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls. Katika utawala wa Idi Amin mgodi ulitaifishwa, uzalishaji ukashuka, na mwaka 1982 ukasimama.

Maisha ya jamii. Mgodi ulikuwa mwajiri, mwenye nyumba na mhudumu wa afya kwa wakati mmoja: safu za nyumba za wafanyakazi, shule na hospitali vilitokana nao. Wakonzo, wenyeji wa milima hiyo, waliishi jirani na familia zilizotoka sehemu nyingine za Uganda. Uchimbaji ulipokoma, wakazi wengi walibaki.

Mafuriko. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulifurika, ukabomoa nyumba na kuharibu hospitali. Mei 2020 ukafurika tena. Usalama wa bonde hili unastahili uzito uleule uliopewa shaba yake.