Wanyama wa Mizigo Katika Njia ya Tabora

Katika karne ya 19, bidhaa zilizopita kati ya pwani na Tabora zilisafiri vichwani na mabegani mwa watu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, kutoka Bagamoyo au Saadani, akapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, eneo la Tabora. Wengine waliendelea mpaka Ujiji. Mifugo ilikuwepo: Unyanyembe palikuwa na ng'ombe waliochungwa na Watutsi, na punda wa Unyamwezi walijulikana kwa ustahimilivu. Kazi ngumu ilikuwa kumtwika mnyama mzigo, kumpitisha porini na kumfikisha mwisho wa safari akiwa mzima.

Adui aliyejulikana zaidi alikuwa mbung'o, anayeishi katika vivuli vya miombo. Mbung'o hunyonya damu na kuacha mwilini vimelea vya ugonjwa wa nagana. Ng'ombe aliyeambukizwa hupata homa, hupungukiwa damu, hukonda ingawa anakula, na asipotibiwa hufa baada ya wiki au miezi. Kwa kuwa ugonjwa huenda polepole, mnyama aliyeambukizwa karibu na pwani aliweza kuanguka mbali sana na pale mbung'o alipomuuma. Ndiyo maana wasafiri walilaumu mara maji, mara majani, mara baridi ya usiku.

Mbung'o hakuwa peke yake. Wavumbuzi Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwaka 1857 na punda wapatao 30, na wengi wao walikufa kabla ya msafara kufika Tabora. Mwaka 1871 mvumbuzi Stanley alitoka Bagamoyo na farasi wawili pamoja na punda zaidi ya 20. Farasi wote wawili walikufa mapema, na mmoja alipopasuliwa tumbo alikutwa na minyoo. Kwa punda kulikuwa na tatizo jingine: tandiko lisilokaa vizuri humchubua mgongo, na kidonda hakiponi mzigo ukiendelea kukisugua. Dawa yake ilikuwa kumpumzisha, kusafisha jeraha na kulizuia lisiingiliwe na inzi. Lakini msafara uliosimama uliendelea kula posho, na ukiwa Ugogo ulikuwa pia na hongo, yaani ushuru wa njia, ya kulipa. Kwa hiyo mnyama mgonjwa aliswagwa mpaka akaanguka.

Wamisionari walijaribu magari ya kukokotwa na maksai. Mwaka 1876 Roger Price wa London Missionary Society alitoka Saadani na ng'ombe wachache, akafika nao Mpwapwa salama, akaamini njia imepatikana. Mwaka uliofuata msafara mkubwa ulipotumia magari, maksai walikufa kwa wingi, na wamisionari waliobaki wakaendelea hadi Ujiji kwa kutegemea wapagazi. Safari fupi ya kwanza ilikuwa imewadanganya: iliisha kabla ugonjwa haujapata muda wa kujionyesha kwa ng'ombe wa Price.

Jaribio la ajabu zaidi lilikuwa la Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Juni 1879 tembo wanne waliofunzwa kazi India walishushwa Msasani, chini ya uongozi wa Frederick Carter. Waliumwa na mbung'o bila kuonyesha dalili za nagana, jambo lililowatia watu moyo. Hata hivyo walikufa mmoja baada ya mwingine, na ni mmoja tu aliyefika Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, Desemba mwaka huohuo. Lawama ziliangukia mizigo mizito na lishe duni.

Majibu ya kitaalamu yalikuja baadaye. Mwaka 1895 daktari David Bruce, akifanya kazi Zululand, alionyesha kwamba nagana husababishwa na vimelea vinavyoenezwa na mbung'o. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1890, sotoka, ugonjwa mwingine wa ng'ombe, ilikuwa imeua ng'ombe wengi Afrika Mashariki. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, haja ya mnyama wa kubeba mizigo hadi pwani ilikwisha, lakini haja ya kuwalinda ng'ombe wa wafugaji ilibaki. Kuanzia miaka ya 1950 dawa ya sindano ya diminazini ilisaidia kuwatibu walioambukizwa.

Kisiwani Unguja mbung'o alitokomezwa kufikia mwaka 1997, baada ya kupunguzwa kwa viuatilifu na kisha kuachiwa madume yaliyofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi. Kisiwa kina mpaka wa bahari, ilhali miombo ya magharibi huendelea kwa mamia ya kilomita, na mbung'o waliotokomezwa eneo moja hurudi kutoka jingine. Kwa hiyo huko hutumika mitego, kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kuua mbung'o, na matibabu ya mapema. Ng'ombe aliyetibiwa bado huhitaji malisho, maji na mapumziko ili damu na nguvu zimrudie, na hayo ndiyo wanyama wa misafara waliyonyimwa hata pale mbung'o alipowaacha hai.