Kutoka Kufungua Kifua hadi Mrija wa Kinena: Historia Fupi ya Ukarabati wa Vali ya Mitrali

Makala haya yanafuatilia jinsi ukarabati wa vali ya mitrali inayovuja ulivyohama kutoka upasuaji wa kufungua kifua hadi mrija unaopitishwa katika mshipa wa kinena. Hoja yake ni kwamba mafanikio ya njia hiyo yalitegemea uteuzi wa mgonjwa kuliko chombo chenyewe.

Mwaka 1991, daktari mpasuaji Ottavio Alfieri wa Italia alishona pamoja kingo za mapazia mawili ya vali hiyo. Tundu moja likawa mawili, na damu iliyokuwa ikirudi nyuma ikazuiwa. Hata hivyo, mshono huo ulihitaji moyo usimamishwe, jambo ambalo wazee wengi na wenye moyo dhaifu hawalistahimili. Kwa ajili yao kilibuniwa kibanio, MitraClip, kinachofikishwa kwa mrija huku moyo ukiendelea kupiga. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa Caracas, Venezuela, mwaka 2003.

Ushahidi uliofuata haukuelekea upande mmoja. Jaribio la EVEREST II, lililochapishwa mwaka 2011, lilionyesha kuwa upasuaji ulipunguza uvujaji vizuri zaidi, ilhali kibanio kilikuwa salama zaidi. Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha kibanio kwa wale tu ambao upasuaji ungewahatarisha mno. Mwaka 2018 majaribio mawili kwa wagonjwa wenye moyo ulioshindwa kazi yalitofautiana: MITRA-FR ya Ufaransa, yenye wagonjwa 304, haikuona nafuu baada ya miezi 12, COAPT, yenye wagonjwa 614, iliona vifo na kulazwa vikipungua katika miaka 2. Wachambuzi wengi wanaihusisha tofauti hiyo na uteuzi: wagonjwa wa COAPT walikuwa na uvujaji mkubwa zaidi, na mioyo yao haikuwa imetanuka sana.

Funzo hilo linazihusu nchi zetu, ambako vali za vijana wengi zimeharibiwa na homa ya rumatiki. Mapazia yake huwa manene na magumu, na mara nyingi tundu limekwisha kuwa jembamba. Kibanio kingelizidisha wembamba huo. Kununua chombo kabla ya kuzijua vali za wagonjwa wetu ni kushona nguo bila kumpima mvaaji. Sera ianzie kwenye penisilini kwa mtoto mwenye maambukizi ya koo ya streptokoka, na kipimo cha ekokadiogramu karibu na wananchi. Kipimo hicho ndicho kitakachoonyesha pia ni wazee wepi wanaouhitaji mrija.