Kumpokea mtumishi mpya katika kazi ya watoto waliotengana na wazazi

Mtoto aliyetengana na wazazi hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kurudi nyumbani. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, watoto wengi wa Goma walipotea wakikimbilia Sake ao mpaka wa Rwanda. Wengine walipata wazazi wao upesi. Lakini kwa mtoto aliyetenganishwa na vita, kutafuta kunaweza kuchukua miaka, na katika miaka hiyo mtumishi wa jamii anayemfuata anabadilika mara mbili ao tatu: proje inaisha, mkataba unaisha, ao mtumishi mwenyewe anakimbia. Kwa hiyo sisi tunahesabu kumfundisha mtumishi mpya kuwa sehemu ya kumlinda mtoto.

Sheria kwanza, kwa ufupi. Sheria no 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto aliye katika hali ngumu: aliyeachwa, anayeteswa, anayesingiziwa uchawi, na wengine. Mtumishi wa jamii anaweza kumweka kwa watu wenye mwenendo mwema ao katika nyumba ya watoto iliyokubaliwa na Serkali, na jaji wa watoto lazima ajulishwe. Mchungaji anayemchukua mtoto kwake kwa huruma bila kuambia mtu wa Mambo ya Jamii anafunga njia bila kujua, maana mama anayemtafuta hatakuta jina lake mahali popote. Na kifungu 160 kinaadhibu kwa kifungo yule anayemsingizia mtoto uchawi. Hakisemi kwamba nabii wa vyumba vya maombi amesamehewa.

Sasa tuje kwenye dosie, maana hapo ndipo wapya wengi wanakosea. Anamuliza mtoto wa miaka mitano, «Mama yako anaitwa nani?» Mtoto anajibu, «Mama Furaha.» Mtumishi anaandika: mama, Furaha. Lakini Furaha ni dada mkubwa wa mtoto, na mama ana jina lingine kabisa, ambalo kijijini wachache wanalitumia. Msalaba Mwekundu wakipeleka jina hilo katika kutafuta, watazunguka bure. Vilevile kwetu baba na mtoto hawana lazima ya kuwa na jina moja, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kubeba majina matatu tofauti. Mtumishi mzee anaandika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, kisha anauliza kwa njia nyingine. Mlichota maji wapi? Siku ya soko mama aliuza nini? Mlisali wapi, na nani alipiga ngoma? Kutoka nyumbani mliona ziwa? Mara nyingine jibu moja la namna hiyo linapita ukurasa mzima wa fomu. Na mtoto asiulizwe yote siku moja. Akinyamaza, muache acheze.

Kosa lingine linatoka katika moyo mwema. Mtumishi mpya anaona machozi, anasema, «Mwezi ujao utamwona mama.» Tumemwona kijana mdogo aliyefunga nguo zake katika mfuko kila mwisho wa mwezi, akakaa mlangoni. Mtumishi aliyemwahidi alikuwa amekwisha kuondoka, na wa pili hakujua kuna ahadi, kwa sababu haikuandikwa. Yule wa pili alikaa miezi mingi kabla ya kupata neno moja kutoka kwa mtoto huyo. Tunawafundisha wapya kusema lile lililo hakika tu: «Tunatafuta. Nitakuja siku ya nne.» Halafu waje siku ya nne, hata na mvua.

Familia inayopokea nayo inahitaji kuangaliwa kwa macho yaliyozoea. Mara nyingi ni maskini kama wengine wa mtaa. Mtoto aliyepokelewa akipata sare na daftari, na watoto wa nyumba wakitazama tu, wivu unaingia mezani. Mpya haoni hilo katika ziara ya kwanza, maana siku hiyo wote wamekaa vizuri. Anapaswa kufika saa ambayo hakungojewa, aone nani anaosha vyombo, nani bado hajaenda masomoni, mtoto analala wapi. Azungumze na mtoto peke yake, lakini mahali ambapo watu wanaweza kuwaona.

Kukabidhiana kunafanywa kwa miguu. Ziara ya kwanza, mzee anaongea na mpya anasikiliza. Ya pili, mpya anaongea. Ya tatu, mzee anamwambia mtoto mwenyewe kwamba anaondoka, kwa sababu gani, na kwamba huyu ndiye atakayekuja. Watu wazima wengi wanaogopa neno hilo, wanaona afadhali kutoweka kimya ili mtoto asilie. Lakini mtoto huyu amekwisha kupoteza watu waliotoweka bila kuaga.

Kama muda wa ziara tatu haupo, parokia inaweza kusaidia: mama mmoja wa kanisa anayejulikana na familia amsindikize mpya siku ya kwanza. Dosie yenyewe haipiti mikononi mwake. Inabaki katika kabati lenye ufunguo, na hadithi ya mtoto haisomwi kwenye mimbari, hata wakati wa kuomba msaada.