Watu wa Kengeleni: Tarehe ya Freretown

Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash bin Said wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa katika milki yake na kuzuia wasipakiwe tena majahazini. Hakusaini kwa hiari. Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa gavana wa Bombay, alikuja mapema mwaka ule kumshawishi akaondoka mikono mitupu. Balozi John Kirk ndiye aliyerudi na tishio kwamba manowari zingeizingira Unguja, na hapo kalamu ikashikwa. Soko la Mkunazini likafungwa.

Mkataba ule ulihusu masoko na bahari tu. Wafanyabiashara wakageukia nchi kavu: misafara ikapanda kwa miguu kutoka Kilwa kupitia Pangani hadi Mombasa, Malindi na Lamu, maana mashamba ya mtama na ufuta ya Malindi yalikuwa yakidai mikono kila msimu. Barghash aliipiga marufuku misafara hiyo mwaka 1876, lakini bado watu waliendelea kupitishwa usiku.

Na waliokamatwa baharini wapelekwe wapi? Kwa miaka mingi manowari za Kiingereza ziliwashusha Aden, Ushelisheli na Bombay. Watoto waliofika Bombay walipelekwa Nasik, kwenye shule ya misheni ya Kianglikana ya CMS (Church Missionary Society) iliyosimamiwa na mchungaji William Salter Price, wakafunzwa useremala, uhunzi, Kiingereza na Injili. Pwani iliwaita Wabombay. William Jones na Ishmael Semler walikuwa miongoni mwa wa kwanza kurejeshwa Afrika, mwaka 1864, wakatumwa kituo cha misheni cha Rabai, karibu na Mombasa, kumsaidia mmisionari mzee Johannes Rebmann. Jacob Wainwright, aliyeusindikiza mwili wa mpelelezi David Livingstone hadi Westminster Abbey mwaka 1874, naye alikuwa wa Nasik.

Price alitumwa Mombasa mwishoni mwa 1874. Mwaka uliofuata akanunua ardhi Kisauni, bara, ng'ambo ya kisiwa, na mji ukaitwa Freretown kwa heshima ya Frere. Wabombay walikuwa wakazi wa mwanzo. Kisha manowari zikaanza kuwateremsha watu moja kwa moja kutoka majahazini: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine wengi wa bara ya kusini. Kurudi kwao hakukuwezekana. Njia ilikuwa ya miezi, vijiji vingine vilishachomwa, na anayesafiri peke yake angetekwa tena kabla ya kufika nusu ya safari. Kwa hiyo wakaoana Kisauni, wakalima Kisauni, na watoto wao wakakua wakisema Kiswahili.

Kengele ya mji ule ipo mpaka leo njia panda ya kuelekea Nyali, imening'inia kwenye mnara mdogo wa mawe, na ndiyo iliyolipa jina kituo cha Kengeleni. Iliita watu kazini na kanisani. Iliita pia kwa hatari, kwani wenye watumwa wa Mombasa hawakuupenda mji uliokuwa ukionekana na kila mtumwa aliyesimama ufukweni upande wa kisiwa. Mwaka 1880 walitishia kuushambulia. Usiku kama ule, mlio wa kengele ulikuwa na maana moja tu: wachukueni watoto.

Lazima niseme na lile ambalo vitabu vya misheni hupita juu juu. Mji wa walioachwa huru ulikuwa na jela na ulikuwa na mijeledi. Msimamizi wake, J. R. Streeter, asiyekuwa mchungaji, aliwachapa na kuwafunga watu waliokuwa wametoka kufunguliwa minyororo. Wabombay, waliojua kusoma na kuandika, walilalamika, na malalamiko yao yakafika mbali hata uchunguzi ukafanywa. Price akarudishwa kuja kuunyoosha mji, na Streeter akaondoka. Aibu hiyo ni sehemu ya tarehe ya Freretown sawa na manowari, na wanaoisimulia bila Streeter wanawanyima haki watu waliochapwa.

Lakini habari kubwa kuliko zote ni ya watoro. Waliofikishwa Kisauni kwa manowari waliokolewa na wengine. Watoro walijiokoa. Walitoka mashamba ya Malindi, Takaungu na Mombasa, wakaingia msituni usiku bila kujua kama watalala hai. Wengine walikwenda Witu kwa Sultani Ahmed, maarufu kama Simba, aliyewapokea na kuwapa silaha. Wengine walikwenda Fuladoyo huko Ugiriama, kwa Mkristo Mgiriama aitwaye Abe Ngoa. Kijiji hicho kilikuja kuongozwa na David Koi. Hakikuwa na Mzungu. Wenyewe walilima, walisali na walijilinda, mpaka wenye watumwa walipokivamia. Koi alikamatwa akauawa mwaka 1883. Kanisa humtaja kama shahidi wa imani, na ni kweli, ila aliuawa pia kwa sababu aliwafungulia mlango watumwa wa watu.

Watoro wengine walimiminika Rabai. Msimamo wa CMS ulikuwa wazi: mtoro asipokewe, kwani sheria ya Sultani ilimhesabu kuwa mali ya mwenyewe, na misheni haikutaka ugomvi na liwali wa Mombasa. Lakini William Jones na wenzake waliwapokea. Mtu aliyeuzwa utotoni angewezaje kumwambia mwenzake arudi kwa bwana? Huyu Jones ndiye aliyefuatana na Askofu Hannington mwaka 1885, na baada ya askofu kuuawa Busoga aliuongoza msafara uliosalia ukarudi Rabai mwanzoni mwa 1886. Alirudi akakuta watoro wamezidi.

Oktoba 1888 George Mackenzie alifika Mombasa kwa niaba ya kampuni ya Imperial British East Africa. Kabla hajafungua hata ghala alikabiliwa na wenye watumwa wakidai watu wao. Ilipohesabiwa, watoro katika vituo vya misheni walizidi 1,400, wengi wao wakiwa Rabai. Mackenzie aliona kwamba kuwarudisha kungeleta vita, na kuwabakisha bure pia kungeleta vita. Akakubaliana na mabwana walipwe reale 25 kwa kila kichwa. Tarehe 1 Januari 1889 watoro walikusanyika Rabai, wakaitwa jina kwa jina, kila mmoja akapewa hati ya uhuru mkononi.

Siku hiyo husimuliwa kama ukarimu wa kampuni. Mimi siioni hivyo. Wale watu walikuwa huru tangu usiku walipotoroka, na wengine walikwisha kulima misimu kadhaa. Hati iliwalazimisha wengine kukubali jambo lililokwisha kutendeka. Fedha zilimwendea aliyemiliki. Aliyelimishwa bure hakupata hata pesa moja. Ndivyo ilivyokuwa tena tarehe 1 Oktoba 1907, sheria ilipoacha kuutambua utumwa katika pwani ya Kenya: serikali iliwafidia mabwana.

Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Upande wa waliouzwa ulingoja hadi 1934, James Juma Mbotela wa Freretown alipochapisha Uhuru wa Watumwa. Alisimulia habari za baba yake, Myao aliyetekwa bara, akatembezwa hadi pwani, akapakiwa jahazini, na kuokolewa na manowari. Kitabu kilisomwa shuleni kwa vizazi. Kinawashukuru mno Waingereza, na watoro wa Rabai hawana humo nafasi wanayostahili, lakini bila Mbotela tungebaki na simulizi ya mwuzaji peke yake. Mtangazaji wa ukoo wake, Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, aliiuliza Kenya kwa miongo mingi redioni: Je, Huu ni Ungwana? Mzao wa mtu aliyeuzwa ndiye aliyeuliza.

Ardhi ya Freretown iliandikwa kwa jina la misheni, si la waliofyeka pori. Leo Nyali jirani yake ni mtaa wa majumba makubwa, na wazao wa watu wa kengele wamebaki na kanisa, makaburi na majina. Majina hayo yako hatarini, kwani mengi yamo katika kumbukumbu za wazee na katika vitabu vya ubatizo vinavyochakaa. Wewe mwenye bibi au babu wa Kisauni, Rabai, Ribe au Jomvu, muulize leo mzee wake aliitwa nani kabla ya ubatizo, alitoka kabila gani, na alitoroka shamba la nani. Yaandike, kisha uyapeleke kanisani au kwenye makumbusho ya Rabai.